Kinyago kidogo na haraka ya rika

Siku hizi tukikutana ku matanga ao ku ndoa, mazungumzo yanageuka upesi kuwa hesabu. "Ule tulimaliza naye masomo, iko na nyumba ya matofali. Ule mwengine alisha oa, batoto tatu. Na weye?" Hilo "na weye?" linachoma. Sisi wenyewe tumekwisha kulijibu kwa uongo, na siku zingine tumebaki nyumbani juu ya kuliogopa.

Wengi wanasema wazee wetu hawakujua ugonjwa huu. Sisi hatukubali. Bwami ya Barega, kule Mwenga, Shabunda na Pangi, ilikuwa na ngazi za kweli: Kongabulumbu, Kansilembo, Ngandu, Yananio, na juu kabisa Kindi. Watu walijua vizuri nani yuko juu na nani yuko chini. Basi walivumiliana namna gani?

Tuangalie kitu kimoja: lukwakongo, kinyago kidogo cha mti, uso wake umepakwa udongo mweupe, na ndevu za nyuzi zinafunika kidevu. Kilikuwa cha wakubwa wa Yananio. Leo vinyago hivi viko vingi katika majumba ya vitu vya kale ya Ulaya na Marekani. Huko, mara nyingi kimoja kinasimamishwa peke yake ndani ya kioo, sawa vile mshindi wa mashindano. Wanaokitazama wanakisifu: kizuri, cha kale, cha bei kali.

Sisi tunaona kioo hicho kinadanganya. Katika sherehe, vinyago vya wengi vilitundikwa pamoja juu ya wigo, kuzunguka kile kikubwa kinachoitwa idimu, ambacho kilikuwa cha jamii. Tena mwenye lukwakongo hakukifanya kuwa mali yake ya milele: akifa, kinapita kwa ndugu atakayefuata. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya uchunguzi kwa Barega katika miaka ya 1950, alionyesha katika kitabu chake Lega Culture (1973) ya kama kitu cha Bwami hakisomwi pekee yake, bali pamoja na mezali, ngoma na watu walio karibu nacho.

Na mtu vilevile. Vijana waliotahiriwa pamoja katika Bwali walikuwa sawa promosyo moja. Lakini nyuma ya pale hakuna saa iliyowaunganisha. Ili kupanda, kijana alihitaji ndugu na wajomba wa kukusanya musanga na nyama, mkubwa wa kumsindikiza, tabia njema, na mke: bila mke aliyeingizwa naye, hafiki Kindi. Wengine walizeeka katika Kongabulumbu, nao waliitwa bami vilevile. Hivi, kumlinganisha kijana huyu na yule kulikuwa kulinganisha jamaa mbili nzima, walio hai na waliokufa.

Hatutaki kusifu bule. Bwami iliomba mali mingi, na mtoto wa jamaa zaifu alibaki nyuma bila kosa lake. Wivu ulikuwako. Hata hivyo, aliyebaki nyuma hakuambiwa ya kama amechelewa maisha. Jamaa ilijua ni zamu yake ambayo haijafika, na ni mzigo wa wote. Serikali ya Wabelgiji ilikataza Bwami mwaka 1948. Ngazi tumepata zingine, za diploma, gari na kiwanja, lakini wale wa kutusindikiza tumewaacha njiani. Njo maana tunapanda kila mtu peke yake, na tunatazamana kwa jicho baya.

Tena, wengi wa rika letu walipoteza miaka katika vita, wengine walilisha wadogo zao mbele ya kujilisha wenyewe. Hesabu ya ku matanga haiandiki hayo.

Ndugu msomaji, ukiulizwa tena "na weye?", usiseme uongo. Taja wale uliosindikiza na wale waliokusindikiza. Na kama wewe ndiwe uko na nyumba ya matofali, acha kuuliza ulizo lile. Uliza mwenzako anakosa nini ili apande, na mkusanye pamoja.