Injini Iliyofunguliwa

Dalali wa magari Dar es Salaam ana sifa tatu zisizomtoka mdomoni: AC inapuliza, gari halina deni, injini haijafunguliwa. Ile ya tatu huiacha mwisho, kama mtu anayetupa turufu. Mnunuzi naye huitikia kwa kichwa, maana tumezoea kuamini kwamba injini iliyowahi kufunguliwa ni injini iliyokwisha, na gari lake ni la kushushwa bei au la kuachwa.

Mimi naamini vingine, na imani hiyo nimeipata kwa kukaa kwenye benchi la fundi pale Gerezani nikitazama kazi. Gari lililotoka kiwandani mwaka 1998, likatembea Japani, likavuka bahari, likaja kuunguruma miaka kwenye foleni za Msimbazi na Uhuru, kama bado halijafunguliwa basi siku zake zinakaribia. La kujiuliza ni nani atakayelifungua.

Gari ninalolisema ni Toyota Mark II, ile GX100, namba B. Kwa mtu wa Dar anayependa gari lenye nguvu, hiyo na ndugu zake Chaser na Cresta ndiyo njia ya karibu. Wamarekani walikuwa na yao tangu 1964, pale Pontiac walipochukua injini ya V8 ya inchi za ujazo 389, yaani kama lita 6.4, wakaitia kwenye gari la ukubwa wa kati na kuliita GTO. Kanuni ilikuwa nyepesi: injini kubwa kuliko gari linavyohitaji, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na bei ambayo kijana mwenye ajira anaweza kuifikia. Magari hayo ni mazuri, sibishi. Lakini usukani wake uko kushoto, tangi lake halishibi, na ukiulizia gasketi ya Pontiac mtaa wa Shaurimoyo utatazamwa tu. Gasketi ya 1G, injini ya Mark II hii, utaletewa kabla hujamaliza sentensi. Hapa kwetu mtu mwenye akili huchagua fundi na spea kwanza, gari baadaye.

Herufi ya G kwenye GX100 ni ya injini yenyewe, 1G-FE: lita mbili, silinda sita, vali 24. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 75 na pistoni husafiri milimita 75, sawasawa kabisa. Silinda zote sita zimesimama mstari mmoja. Pistoni hupanda na kushuka mbilimbili, ya kwanza na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, na mikono ya krenki imepishana kwa nyuzi 120. Kwa mpangilio huo misukumo ya juu na ya chini inamalizana yenyewe kwa yenyewe, wala haihitajiki shafti ya ziada ya kutuliza mtikisiko. Ndiyo maana 1G iliyo nzima, ikiwa imesimama kwenye taa, abiria huuliza kama gari limezimika. Wenye kiu zaidi hutafuta JZX100 yenye 1JZ ya lita 2.5, hasa ile ya turbo iliyoandikwa nguvu za farasi 280, kikomo ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wao kwa wao wasikivuke. Wengine huitoa 1G na kufunga 1JZ iliyokuja na gari nusu kutoka ng'ambo, kisha huenda kuhangaikia namba mpya ya injini kwenye kadi. Sina ugomvi nao. Mimi niliamua kubaki na sita zangu ndogo na kuzifanya ziwe kama zilivyokusudiwa.

Kununua kwenyewe kuna taratibu zake. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Fungua mfuniko wa rejeta: maji yenye rangi ya kutu yanakwambia miaka ya maji ya bomba. Fungua mfuniko wa oili: uji mweupe chini yake ni dalili kwamba maji na oili huenda vimeanza kukutana. Washa, mtu akanyage mafuta kidogo, wewe simama nyuma. Moshi wa bluu ukitoka mara tu gari linapowaka kisha ukakata, elekea kwenye sili za vali. Ukiendelea kila likivuta, fikiria ringi. Fundi wangu hufanya jambo moja zaidi. Huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha injini, mpini kwenye sikio, na kuhama silinda moja hadi nyingine bila kusema neno. Langu alilisikiliza hivyo, akasimama, akamwambia muuzaji, "Bosi, gari zuri, ila hedi tutaifungua." Bei ikapungua, mimi nikalipa, na kesho yake hedi ikafunguliwa.

Kariakoo na Gerezani zimebarikiwa kwa jambo ambalo majiji mengi yamelipoteza: kazi yote ya injini moja iko kwenye umbali wa kutembea kwa miguu. Maduka ya spea yako Shaurimoyo na mitaa ya jirani. Mchongaji mwenye mashine ya kupitishia hedi yuko mitaa michache pembeni. Fundi rejeta, fundi umeme, anayechomelea, anayekata gasketi za karatasi kwa nyundo ndogo, wote wanafahamiana kwa majina na kwa madeni. Kijana wa gereji hubeba hedi begani, hupita katikati ya mikokoteni na mabunda ya vitenge, huiacha kwa mchongaji na kurudi na chai.

Ujuzi huu una mizizi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupaa na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika nchini na spea zikaadimika nazo. Aliyekuwa na Peugeot 504 au Land Rover hakuwa na duka la kukimbilia. Fundi ndiye aliyechonga bushi, aliyesuka upya waya za dainamo, aliyetafuta kwenye chuma chakavu kitu kinachokaribiana na kile kilichovunjika. Mwaka 1984 serikali ililegeza, ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa mwenyewe, na baada ya Rais Ali Hassan Mwinyi kuingia madarakani 1985 mlango ulizidi kufunguka. Magari ya mitumba kutoka Japani yakaingia kwa wingi. Mafundi waliojifunza wakati wa uhaba wakawafundisha waliokuja wakati wa wingi, na ninapomtazama fundi wangu akikataa kutupa boliti nzuri namwona mwalimu wake ndani yake.

Sasa vali. Hedi ya 1G ikishatolewa na kusafishwa, vali zote 24 hupangwa kwenye ubao wenye matundu, kila moja kwenye tundu lenye namba yake, maana kila vali imezoeana na kiti chake na hairuhusiwi kuhamia kwa jirani. Fundi hupaka dawa ya kusagia, chembe kidogo tu, kwenye ukingo wa vali. Huirudisha kwenye kiti chake, hubandika kijiti chenye mpira wa kunyonya, kisha hukiviringisha katikati ya viganja viwili kama mtu anayepekecha moto. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, halafu huinyanyua, huizungusha robo, huishusha tena. Kunyanyua huko ndiko wanafunzi wanakokusahau. Usiponyanyua, dawa huchimba mifereji ya duara na vali haitaziba kamwe. Sauti nayo hubadilika: mwanzo inakwaruza, baadaye inakuwa laini, na hapo ndipo huitoa, huifuta kwa kitambaa na kutazama. Anachokitafuta ni utepe mmoja wa kijivu, wenye upana uleule kuzunguka vali nzima, usio na doa wala mkato. Ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba mwingine, anapaka tena na kuanza upya.

Mara ishirini na nne.

Akimaliza anaigeuza hedi, anafunga plagi zake, anamimina mafuta ya taa kwenye vile vyumba sita vya moto na kuondoka. Anayaacha mpaka kesho. Asubuhi anapitisha kidole ndani ya milango ya hewa na ya moshi akitafuta unyevu. Kwangu silinda ya nne ilikuwa imetoa jasho. Hakuna mteja ambaye angelijua hilo. Gari lingewaka, lingetembea, na ningemshukuru. Aliitoa vali ile, akaisaga tena, na siku moja zaidi ikapotea. Ninapoambiwa mafundi wetu ni wababaishaji, na wababaishaji wapo, huikumbuka silinda ya nne.

Chini nako kuna uzuri wake. Krenki ya injini hii imekaa kwenye beringi saba. Fundi mwenye haraka huzifunga kofia zote saba na kuomba Mungu. Fundi wangu hukaza moja kwa toki renchi, kisha huzungusha krenki kwa mkono. Hukaza ya pili, huzungusha tena. Ikiwa krenki imekuwa nzito baada ya kofia ya tano, basi tatizo liko kwenye ya tano, na hakuna haja ya kubahatisha. Niliruhusiwa kuizungusha. Ina uzito wa aina yake, unaoteleza bila kukwama popote, na ukiachia mkono inaendelea kidogo kisha inasimama taratibu. Boliti za hedi nazo hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, ili chuma kikae sawa bila kupindishwa. Hayo yote yameandikwa kwenye vitabu vya Toyota. Ugumu uko katika kuyafanya jua likiwa kichwani, mteja mwingine akipiga simu, na fundi wa jirani akikucheka kwa kuchelewa.

Kuna jambo lililokaribia kuleta ugomvi pale gereji, nami nilikuwa upande wa mzee, yaani fundi wangu. Kijana mmoja alitaka thamostati itolewe isirudishwe. "Mzee, Dar joto, ya nini hii?" Ni desturi iliyoenea, na wengi huifanya kwa nia njema. Mzee alimjibu kwamba injini haikutengenezwa kufanya kazi ikiwa baridi: bila thamostati hukawia kupata joto lake, kompyuta huendelea kuongeza petroli, oili huchelewa kuwa nyepesi, na silinda huliwa. Gari likichemsha, tafuta rejeta iliyoziba, feni iliyolegea, mfuniko usioshika presha. Akatumbukiza thamostati kwenye sufuria ya maji ya moto juu ya jiko la mkaa, wote wakaitazama ikifunguka, na ikarudi mahali pake.

Spea ni somo peke yake. Mwenye duka atakuwekea tatu mezani: mpya ya bei nafuu, mpya yenye boksi la kampuni, na iliyotumika ya Japani. Fundi huanza na ya tatu. Pampu ya maji iliyotoka kwenye gari lililotunzwa, ikizungushwa kwa vidole bila kelele, anaiamini kuliko boksi jipya ambalo wino wake unafutika kwa kidole gumba. Ila mkanda wa taiming hanunui uliotumika, hata apewe bure. Huo hubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi, na ukikatika barabarani hakuna wa kumlalamikia.

Kinachoniuma ni malipo. Kwenye hesabu yangu ya mwisho ufundi ulikuwa sehemu ndogo mno ukilinganisha na spea, ingawa spea zilezile mikononi mwa mwingine zingekuwa chuma tu. Wateja tunabishania ufundi kwa sababu hauna boksi. VETA sasa ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, fundi wa mtaani akapimwa na kupewa cheti, na ni jambo jema. Lakini cheti hakitamfaidisha mtu ikiwa sisi tunaoleta magari tutaendelea kulipa siku nne kwa bei ya siku mbili. Nililipa alichotaja, bila kuomba punguzo, na ningependa wengine wafanye hivyo.

Injini iliyofungwa upya inahitaji kuzoeshwa. Maagizo yalikuwa mafupi: kilometa elfu za kwanza usiivute sana, usiache iungurume kwa mwendo mmoja muda mrefu, mwaga oili mapema kuliko kawaida na uniletee niitazame. Nimekuwa nikitoka alfajiri kabla Kariakoo haijajaa, Barabara ya Nyerere, kisha Daraja la Kigamboni, nikipanda na kushuka gia kwa mguu mwepesi. Ile oili ya kwanza niliipeleka kwenye dumu lililokatwa. Aliisugua kati ya vidole juani, akatafuta vumbi la chuma, akaridhika. Kisha akalala chini ya gari na kusikiliza nyuma. Difu inaimba kidogo ikifika mwendo wa themanini. Hiyo ina fundi wake mwingine, Ilala, na mzee amekwisha kumpigia.