Maungamo na Ondoleo: Tukisoma Kitabu cha Mwisho cha Michel Foucault

Mtume Yakobo anatuagiza tuungamiane dhambi zetu na kuombeana, ili tupate kuponywa (Yak. 5:16). Agizo hili tunalisikia mara nyingi katika sharika zetu za Kibaha na Kisarawe, lakini ni nadra kujiuliza Kanisa la kwanza lililitii kwa namna gani. Aliyelichunguza swali hilo kwa bidii, hata kifo kikamkuta bado analo mkononi, ni mtu ambaye hatukumtazamia: Michel Foucault, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki, lakini hakuandika kama muumini.

Foucault alifariki Paris tarehe 25 Juni 1984, akiwa na umri wa miaka 57. Katika miaka yake ya mwisho alishinda siku nyingi katika Saulchoir, maktaba ya watawa Wadominiko, akisoma Mababa wa Kanisa. Aliacha muswada usiokamilika, na alikuwa ameagiza kwamba kisichapishwe kitu baada ya kufa kwake. Mwaka 2013 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilinunua karatasi zake, zipatazo 37,000. Mwaka 2018 muswada ule ukatoka kuwa kitabu, Les aveux de la chair, yaani Maungamo ya Mwili, kikiwa kimehaririwa na Frédéric Gros. Tafsiri ya Kiingereza ya Robert Hurley ilifuata mwaka 2021.

Je, ilikuwa halali kukichapisha? Wenye kukitoa wana la kujitetea: Foucault mwenyewe alikwisha kuupeleka muswada kwa mchapishaji mwaka 1982, kisha akauweka kando ili kwanza aandike juu ya Wayunani na Warumi. Hata hivyo, tunasoma kazi ambayo mwenyewe hakuifunga. Kwa hiyo tukiona kitabu kimepungukiwa na jambo, hatuwezi kuapa kwamba mwandishi angeliacha hivyo.

Msomaji wa kwetu atashangaa kwanza kuona ni Waafrika wangapi wamo ndani yake. Klementi alifundisha Aleksandria. Tertuliani alikuwa mtu wa Karthago, katika Tunisia ya leo. Agustino alikuwa askofu wa Hipo, katika Algeria ya leo. Yohana Kasiani hakuwa Mwafrika, lakini alijifunza kwa wazee wa jangwa la Misri. Yohana Krisostomo wa Antiokia yumo pia, lakini sehemu kubwa ya mazungumzo imefanyika katika bara letu. Wanaodai kwamba toba ililetwa Afrika na wazungu wasome hapa.

Foucault anatofautisha njia mbili za kale. Ya kwanza iliitwa eksomologesi. Mwenye dhambi alijionyesha hadharani kwa mavazi ya majonzi, majivu na machozi, bila kulazimika kueleza kisa chake. Mfano wake ni Fabiola, mwanamke wa Roma, ambaye habari zake ziliandikwa na Yeronimo. Ya pili iliitwa eksagoreusi. Mtawa alimfunulia mzee wake kila wazo la moyoni, kama mtu anayepima sarafu moja moja ili aitambue ya bandia.

Tofauti hii inatusaidia kujitazama. Tangu wamisionari wa Berlin walipofungua vituo vya Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890, sharika za upande huu zimejua kutenga na kumrudisha mtu kundini. Desturi hiyo inafanana na ile njia ya kwanza. Lakini Yeronimo anasema kwamba Fabiola aliposimama, askofu, wazee na watu wote walilia pamoja naye. Kwetu, mara nyingi anayesimama mbele ni binti mwenye mimba, peke yake. Mwanamume aliyeshiriki kosa ameketi nyuma au hakuja kabisa, na washarika wanahesabu miezi. Pale Kibaha, mji wa wageni wengi, mwenye aibu huhamia usharika mwingine kimyakimya. Kule vijijini Kisarawe, ambako kila mtu anajulikana, hana pa kwenda.

Hapo ndipo kitabu kinatufaa, na hapo pia ndipo kinapopunguka. Foucault amesimulia kisa cha Serapioni kutoka kwa Kasiani. Kijana huyu aliiba mkate mkavu kila siku, akaja kukiri kwa machozi, naye mzee akamwambia kwamba maungamo yake yenyewe yamemfungua, hata kabla mzee hajatamka neno. Foucault anakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha nguvu ya kusema. Katika kitabu chake uzito wote uko kwa anayesema, anayechunguzwa na anayetii. Anayesamehe haonekani sana.

Katekisimo Ndogo ya Luther inafundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili: kukiri dhambi, na kupokea ondoleo kama kutoka kwa Mungu mwenyewe. Foucault ameieleza sehemu ya kwanza kwa ufundi ambao wahubiri wachache wanao. Ya pili ameigusa tu. Lakini tusimlaumu haraka, maana kosa hilo ni letu pia. Kama binti anatoka mbele ya madhabahu akikumbuka macho ya watu kuliko neno la msamaha, basi sisi nasi tumeishia kwenye sehemu ya kwanza, tena sisi tuna Katekisimo mkononi.

Karatasi za Foucault zilifunguliwa kinyume cha agizo lake. Sharika zetu nazo zina madaftari yenye majina ya waliotengwa, na wajukuu watayasoma siku moja. Wazee wa kanisa wahakikishe kwamba popote palipoandikwa kutengwa, kurudi kundini pia kumeandikwa, kwa tarehe. Na siku ya kurudi, usharika usimame pamoja na anayerudi.