Ancêtre, Ascendant na Mtangulizi: Uhakiki wa Tafsiri ya Neno la Nasaba Mpakani Gisenyi

Katika Petite Barrière, kivuko cha waenda kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma, Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa husikika kwa pamoja. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Upande wa Kongo ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilhali sheria huandikwa kwa Kifaransa. Makala haya yanahakiki ufasiri wa neno la Kifaransa ancêtre, na hoja yake ni kwamba asili ya neno, ikitumiwa peke yake, humpotosha mfasiri wa sheria.

Ancêtre limetokana na Kilatini antecessor: ante ni "mbele", cedere ni "kwenda". Kwa Warumi huyo alikuwa askari mpelelezi anayelitangulia jeshi, au mtu aliyeshika wadhifa kabla ya mwingine. Maana ya damu ilikuja kutawala baadaye, katika Kifaransa cha kale. Mfasiri anayerejea kwenye mzizi atapata "mtangulizi", neno linalolingana barabara na antecessor lakini si na ancêtre ya leo: rais aliyeondoka ni mtangulizi wa aliyepo, si babu yake. "Mhenga" nalo halifai. Wahenga ni wenye hekima wa kale ambao methali zao hurithiwa na jamii nzima. Hakuna anayedai uraia kwa kuwataja. Abakurambere la Kinyarwanda, ambalo ndani yake husikika mbere, yaani "mbele", limeunganisha utangulizi na ukoo. "Mtangulizi" halijafika huko.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981. Sheria hiyo ilitumia ascendant, kutoka Kilatini ascendere, "kupanda". Ilitaka mmoja wa hao awe, au awe amekuwa, mwanakabila wa kabila lililokaa ndani ya mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885, ilhali mapatano ya Ubelgiji na Ujerumani kuhusu mpaka wa eneo hili ni ya mwaka 1910. Ascendant ikifasiriwa "mhenga", sharti la mtu binafsi linageuka kuwa la jamii nzima. Ikifasiriwa "babu", mama na bibi wanaonekana kuachwa nje, ingawa neno la Kifaransa linawajumuisha.

Sheria ya mwaka 2004 ilichukua nafasi ya ile ya 1981, lakini mjadala wa asili ya mtu haujaisha Kivu. Kwa kuwa Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, tunapendekeza nyaraka za uraia zitumie "mzazi wa nasaba, wa karibu au wa mbali, kwa baba au kwa mama". Istilahi hii ni ndefu, lakini haimnyimi mtu haki ambayo matini asilia yalimpa.