"Wingu Zito" Halitoshi

Katika baadhi ya tafsiri za jiografia, maneno "wingu zito" yamebebeshwa maana ya mawingu ya kila aina. Tuchukue mfano wa majira ya baridi ya Hammerfest, mji mdogo wa kaskazini mwa Norway, ambako jua halichomozi kwa muda wa miezi miwili hivi. Huko, wingu lililotandaa kama tabaka huweza kuangusha theluji mfululizo kwa saa nyingi. Wingu lililorundikana, litokanalo na hewa baridi ipitayo juu ya bahari yenye joto zaidi, huleta theluji ya ghafula, kisha mbingu hutakata. Baharia huhitaji kuijua tofauti hiyo, mfasiri ameifuta.

Mwaka 1802 Mwingereza Luke Howard aliyaainisha mawingu kwa majina ya Kilatini, mengi yakifuata umbo: nywele, lundo, tabaka. Maneno hayo Kiswahili kinayo. Kwa hiyo twapendekeza "wingu nywele", "wingu lundo" na "wingu tabaka". Aidha, wingu liangushalo theluji lisiitwe "wingu la mvua", wala theluji isiitwe barafu. Istilahi isiyopambanua haimfundishi mwanafunzi.