Spider-Man 2: Mzigo wa Mwenzio

Mara ya kwanza kuiona Spider-Man 2 nilikuwa nimejibana nyuma ya binamu zangu kwenye kibanda umiza kimoja cha Magomeni, Bagamoyo. Kiingilio shilingi 100, wasichana tulikuwa wawili tu. Filamu yenyewe ilitoka 2004. Sisi ilitufikia baadaye kidogo, ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, mmoja wa wale waliopita njia iliyofunguliwa na akina Lufufu. Nilitoka pale nimekariri kitu kimoja: mikono minne ya chuma ya Dokta Octopus.

Idi iliyopita nilirudi nyumbani nikaitazama tena kwenye laptopu, pamoja na mdogo wangu anayeendesha bodaboda kati ya Mapinga na Bunju. Safari hii mikono ya chuma haikunishughulisha sana. Niliona filamu ya mtu asiye na hela.

Na hiyo ndiyo nguvu yake ya kwanza. Kabla ya pigano lolote, mwongozaji Sam Raimi anatuonesha Peter Parker (Tobey Maguire) akipeleka piza. Ahadi ya duka ni dakika 29. Njiani anasimama kuokoa watoto, anachelewa, mteja anagoma kulipa, na kazi inaota mbawa. Anauza picha gazetini, malipo yanaishia kufidia hela aliyokwisha kuchukua kabla. (Waandishi wenzangu wa kujitegemea, mnanielewa.) Siku yake ya kuzaliwa, May anamlazimisha kupokea dola 20 huku machozi yanamtoka. Hela hiyo haikai mfukoni: mwenye nyumba anamnyang'anya akidai kodi.

Mdogo wangu akaisimamisha filamu hapo. "Dada, huyu jamaa ni wa kijiweni kwetu."

Nakumbuka kule kibandani mtafsiri alimwita May "shangazi". Mzee mmoja akapinga kwa sauti: mke wa kaka wa baba anakuwaje shangazi? Mzee alikuwa sahihi. Katika hadithi za michoro za Marvel, marehemu Ben ni kaka wa baba yake Peter, kwa hiyo kwetu May ni mama mkubwa. Ukimwita hivyo, filamu inakuwa nzito zaidi. Benki inapomnyima mkopo na nyumba inapokwenda, anayefungasha vyombo ni mama. Na Peter anapokiri mezani kwamba aliwahi kumwachia mwizi apite, na mwizi huyo ndiye akamuua Ben, May (Rosemary Harris) hasemi kitu. Anauondoa mkono wake kwenye wa Peter, anainuka, anapanda ngazi. Filamu ilipata Oscar ya athari za picha, na ilistahili, lakini kwangu hakuna jengo linalobomoka humo linaloufikia ukimya ule.

Baadaye Peter anachoka. Anatupa vazi lake kwenye pipa la taka na kuondoka. Mtu wa Bagamoyo hawezi kuitazama sehemu hii kama wengine. Tumekua tukiambiwa jina la mji wetu limetokana na "bwaga moyo". Wengine wanasema ni la wapagazi, waliofika pwani baada ya miezi ya kutembea na pembe za ndovu, wakatua mizigo, wakapumua. Wengine wanasema ni la watumwa, walioiacha mioyo yao hapa kabla ya kuvushwa bahari. Neno ni lile lile, kwa anayepumzika na kwa aliyekata tamaa. Raimi anaonesha pande zote mbili. Kwanza Peter anatembea mtaani akitabasamu, masomo yananyooka, usingizi unakuja. Halafu anaona mtu anapigwa uchochoroni, na anageuza mgongo.

Ndiyo maana tukio la treni linafanya kazi. Peter anaisimamisha kwa mwili wake, anazimia, na abiria wanampitisha juu ya vichwa vyao, bila barakoa. Wanashangaa kuona ni kijana mdogo tu. Kwa dakika chache mpagazi naye anabebwa.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ya akili ya kawaida. Octavius (Alfred Molina, mzuri sana) anamtafuta Peter amwambie Spider-Man yuko wapi. Anaanzaje? Kwa kumrushia gari zima mgahawani. Kama Peter angekuwa mtu wa kawaida, angekufa, halafu Octavius angemuuliza nani?

Ya pili ni Mary Jane (Kirsten Dunst). Filamu ya kwanza alitekwa, na ya pili anatekwa tena na kufungwa karibu na mtambo akisubiri kuokolewa. Uamuzi wake mkubwa unakuja mwishoni, kumkimbia bwana harusi ambaye hajafanya kosa lolote. Pwani hii tunajua uzito wa ndoa iliyokwisha kualikiwa watu. Filamu inaugeuza uzito huo kuwa kichekesho cha baba mkwe anayewaza gharama ya chakula.

Ya tatu inaniuma zaidi. Kodi, benki, nyumba ya mama mkubwa: mambo yaliyoijenga filamu yanapotea njiani. Tuliulizwa swali la hela, tukajibiwa kwa busu.

Lakini picha ya mwisho inairudishia heshima. Ving'ora vinalia, Mary Jane mwenyewe anamwambia Peter aende, naye anaruka. Kamera haiishii kwake. Inabaki na Mary Jane dirishani, amevaa gauni la harusi, na uso wake hauna furaha. Filamu inajua kwamba anayebaki nyuma naye ana mzigo.

Ilipokwisha, mdogo wangu aliuliza swali moja: "Alipotupa ile nguo, zile kazi zake alibaki nazo nani?" Kwenye filamu jibu ni hakuna, uhalifu ukapanda. Kwetu jibu lilikuwa yeye. Nilipokwenda chuo kikuu, yeye ndiye aliyebaki kumpeleka mama kliniki, akaacha shule, akakodi pikipiki ya mtu. Miaka yote nimejihesabu mimi ndiye Peter, dada mkubwa anayetuma hela kutoka mjini. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sikumjibu. Nilimwomba anifundishe njia ya kliniki, maana mwezi huu zamu ni yangu. Kama hujaiona filamu hii tangu enzi za kibanda umiza, irudie, ila usiitazame peke yako.