Hati Punguzo na Fedha Inayobaki

Neno kuponi sasa limefika hata kwetu Chonyonyo. Vijana wanaorudi kutoka Mwanza na Dar es Salaam huja na vipande vya karatasi, au ujumbe wa simu, vyenye ahadi kwamba ukinunua bidhaa fulani utapunguziwa kiasi fulani. Wengi hufurahia tarakimu iliyoandikwa kwa herufi kubwa, wasiyasome maneno madogo yaliyo chini yake. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yangu niliitumia katika chuo cha ualimu, nikiwafundisha wengine namna ya kusoma, naomba msomaji aniruhusu niihakiki kuponi kama tunavyohakiki maandishi mengine: inasema nini, inanyamaza wapi, na anayeisoma anabaki na nini mkononi.

Kuponi si jambo geni duniani. Huko Atlanta, Marekani, katika miaka ya 1880, wauzaji wa Coca-Cola waligawa tiketi za kunywa glasi moja bure. Nia ilikuwa kumwonjesha mtu ili kesho arudi na fedha yake. Maduka makubwa ya vyakula yaliyofuata njia hiyo yalilazimika kuweka masharti: ni bidhaa ipi na ya ukubwa gani, mwisho wake ni tarehe gani, na mteja mmoja aruhusiwe kuponi ngapi. Masharti hayo ndiyo kuponi yenyewe. Tarakimu kubwa ni jalada tu.

Sisi wazee tuliifahamu karatasi ya dukani kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika nchini kote. Sukari, sabuni na khanga vilipatikana kwa mgawo, na jina lako lilipaswa kuwamo katika orodha. Karatasi ile haikupunguza bei hata senti moja. Ilikupa ruhusa tu ya kununua, iwapo bidhaa ingekuwapo. Tulijifunza mapema kwamba karatasi halali na rafu tupu vinaweza kukaa pamoja katika duka moja.

Lakini kuponi iliyofika katika nyumba nyingi zaidi nchini ni Hati Punguzo ya chandarua. Ilijaribiwa kwanza Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2004 ikaanza kuwa mpango wa taifa, na kufikia 2006 ilikuwa imeenea Tanzania Bara yote. Mama mjamzito alipewa hati hiyo kliniki, akaipeleka kwa mwenye duka aliyekubali kuipokea, naye akapata chandarua kwa bei pungufu. Mwenye duka hakupata hasara, kwani aliitumia hati kama fedha kwa muuzaji wa jumla ili aletewe vyandarua vingine. Baadaye akina mama wenye watoto wachanga nao walipewa hati yao.

Nianze na sifa. Jina lake ni la kweli. Haikuitwa zawadi wala msaada. Iliitwa punguzo, na punguzo maana yake ni kwamba kuna kinachobaki kulipwa. Kiswahili chake ni chepesi, na bibi asiyepita shule angeweza kulielewa. Tena mpango ulimheshimu mwenye duka wa kijijini: badala ya kumfungia biashara kwa kugawa bure, ulimfanya awe mshirika.

Sasa kasoro. Miaka ya mwanzo hati ilitaja thamani yake, lakini bei ya chandarua haikuwa moja kila mahali. Ukubwa ulitofautiana, na maduka yalitofautiana. Kwa hiyo mama alijua kiasi atakachopunguziwa bila kujua kiasi atakachotoa. Mkwe wangu mmoja aliwahi kwenda dukani na hati yake pamoja na fedha aliyoambiwa na jirani kuwa itatosha. Akakuta vyandarua vidogo vimekwisha, vimebaki vikubwa, na nyongeza yake ilizidi alichokuwa nacho. Alirudi na hati yake mkononi. Karatasi ilikuwa halali, duka lilikuwa wazi, chandarua kilikuwapo, na bado usiku ule alilala bila chandarua.

Huku Karagwe jambo hilo lina uzito wake. Ndizi na maharage tunayo shambani, lakini fedha taslimu huja hasa wakati wa kahawa, na mimba haingojei msimu wa kahawa. Malaria nayo haingojei. Shilingi elfu moja ya Julai si shilingi elfu moja ya Februari. Watafiti walioufuatilia mpango waliona jambo hilohilo kwa upana zaidi: kaya maskini kabisa ziliitumia hati kidogo kuliko zile zenye uwezo, na nyongeza ilikuwa miongoni mwa sababu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa; aliyeandika punguzo alitazama kile kilichoondolewa, mama akatazama kile kilichobaki.

Ndiyo maana nayaona mabadiliko ya Oktoba 2009 kuwa sahihisho bora kuliko yote katika andiko hilo. Tangu hapo mama alitakiwa kuongeza shilingi 500 tu, na chandarua kilikuwa cha dawa ya muda mrefu. Tofauti ya bei ikawa shauri la mpango na wauzaji, si shauri lake. Zamani hati ilitaja punguzo ikaiacha nyongeza ielee. Sasa ilitaja nyongeza. Mama aliweza kuweka akiba ya shilingi 500 akijua kwamba itatosha. Mpango huo ulikoma mwaka 2014, lakini somo lake halikukoma. Mwaka 2022 serikali ilipoanza ruzuku ya mbolea, mkulima aliyesajiliwa alitangaziwa bei ya kulipa: shilingi 70,000 kwa mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP. Hapo hakuhitaji hesabu ya kutoa. Malalamiko yaliyosikika yalihusu umbali wa mawakala na foleni zao, yaani lile swali letu la zamani la rafu na duka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipewa kuponi leo, iwe ya karatasi au ya simu, usiulize kwanza utapunguziwa kiasi gani. Uliza ni fedha ngapi zitatoka mfukoni mwako. Uliza ni duka lipi linaipokea, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani. Uliza kama bidhaa ipo, ya ukubwa unaoutaka, na kama ungeinunua hata bila kuponi. Punguzo la kitu usichokihitaji ni matumizi tu, hata likipambwa namna gani. Na wewe unayeandika hati kwa ajili ya wengine, taja waziwazi kile watakacholipa. Mtu mwenye fedha kidogo anaweza kupanga kwa kiasi anachokijua, hata kiwe kigumu kwake. Kiasi asichokijua humrudisha nyumbani mikono mitupu.