Hongera, Wasomaji wa Mtaani
Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, barazani kwa jirani yetu hapa Sinza, mkeka hutandikwa, chai ya tangawizi humiminwa na vitabu hutoka mikobani. Nakala ya Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya 1971, imepita mikono mingi hata jalada limeshikizwa kwa selotepu. Ninachowapendea zaidi ni namna wanavyochagua kitabu kijacho: anayependekeza husoma ukurasa mmoja kwa sauti, wote wakiwa kimya, kisha mikono hunyooshwa. Safari hii Peponi ya Gurnah, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, imeishinda Vuta n'Kuvute kwa kura moja. Hongereni sana, ndugu zangu! Nawe jirani unayesoma haya, karibu. Mkekani nafasi ipo.